Michezo ya Kompyuta Imeidhulumu Peugeot 504

Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, kaka mmoja wa kidato cha nne alisimama akatamka kwamba magari ya mbio ya zamani yalikuwa mikebe tu. Ushahidi wake ulikuwa nini? Eti ameyaendesha mwenyewe! Ameyaendesha wapi, hali hata baiskeli hana? Katika chumba cha michezo pale karibu na steji. "Nilishika Escort ikanizungusha kama pia," akasema, "nikashika gari la kisasa likaenda kama liko kwenye reli." Watu wakapiga makofi, kengele ikalia, na mimi niliyekuwa nimeinua mkono nikabaki nao hewani. Leo nimepata nafasi ya kuushusha.

Kwanza nikiri kwamba na mimi ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Likizo ya Aprili yote nilikuwa nikicheza, siku nyingine kwenye chumba hicho hicho cha steji, siku nyingine kwa binamu yangu aliye na kompyuta kuukuu na usukani wa plastiki uliopasuka ubavuni. Lakini tofauti yangu na kaka yule ni kwamba yeye alionja sufuria moja akasema amejua upishi wa mji mzima. Mimi nilionja tatu. Nilicheza Dirt Rally 2.0 iliyotoka mwaka 2019, nikacheza EA Sports WRC ya mwaka 2023, na kwa binamu nikacheza Richard Burns Rally ya mwaka 2004, ambayo ni mkubwa wangu kwa umri. Humo mote nilichagua magari mawili tu ya miaka ya sabini, Ford Escort na Lancia Stratos, ili nisije nikaambiwa nalinganisha maembe na mananasi.

Wasiojua magari wanivumilie kidogo. Escort ina injini mbele, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na eksel ya nyuma ni chuma kimoja kizima kama cha pikapu ya kubebea mboga. Stratos ni mnyama mwingine kabisa. Waitaliano walichukua injini ya Ferrari ya silinda sita, lita 2.4, wakaiweka nyuma ya mgongo wa dereva, kisha wakalifanya gari lenyewe kuwa fupi ajabu. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.18 pekee. Ufupi huo ndio utamu wake na ndio sumu yake. Hebu chukua fimbo ndefu uisimamishe wima kiganjani. Ikianza kuanguka unaiona, unasogeza mkono, unaiokoa. Sasa chukua penseli ufanye vivyo hivyo. Imeanguka kabla hujafikiri! Gari fupi ni penseli. Hugeuka upesi kwenye kona, lakini mkia wake ukishaanza kutoka nje, hupewi muda wa kuomba msamaha.

Tena kuna jambo la uzito. Ukiachilia akseleta ghafla katikati ya kona, uzito wa gari hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na mkia unateleza. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma na matairi yanauma ardhi tena. Dereva wa gari la kale alikuwa akipinda kwa miguu kama vile kwa mikono. Gari la kisasa linalosukuma kwa magurudumu yote manne husamehe makosa mengi ya miguu, na ndiyo maana kaka yule aliliona kama reli. Escort haikumzungusha. Alijizungusha mwenyewe.

Sasa basi, michezo yenyewe. Katika Dirt Rally 2.0 nilianza na Escort kule New Zealand, kwenye changarawe laini yenye kona za kupanda na kushuka. Wee! Raha yake haisemeki. Mkia unatoka polepole, unauona ukija, unageuza usukani upande wa pili kidogo, unakanyaga, na gari linapita kona kwa ubavu kama kaa wa Mombasa. Aidha, waliotengeneza mchezo huu walikumbuka kwamba barabara huchoka. Magari yakishapita mengi mbele yako, unakuta mifereji imechimbika na gari linatupwatupwa. Hilo nawapa alama. Kasoro niliyoiona ni kwamba gari linazunguka kana kwamba limepigiliwa msumari katikati ya tumbo. Sikuihisi ile injini nzito ya Escort ikivuta pua kwenda mbele. Stratos nayo ilinizungusha mara nne katika kipande kimoja cha barabara, na nikaipenda zaidi kwa kunidharau.

EA Sports WRC niliikimbilia kwa sababu moja, nayo ni kwamba Kenya imo. Kusema kweli, mtoto wa kwetu akiona vumbi lile na miti ile ya migunga kwenye skrini, moyo unaruka. Vipande vyake vya barabara ni virefu pia, vingine vinapita kilomita 30, kwa hivyo mikono inachoka kidogo kama inavyotakiwa. Lakini magari ya kale humo nimeyaona yamefugwa. Nilipanda Stratos, gari lililowatoa jasho madereva waliokomaa, nikamaliza kipande kizima mara ya kwanza bila kuzunguka hata mara moja. Wenzangu pale chumbani wakanishangilia. Mimi nikashuku. Mimi ni nani nimalize na Stratos mara ya kwanza?

Richard Burns Rally ndiyo yenye adabu, na sioni haya kuisifu ingawa sura yake ni ya kizee na picha zake zimefifia. Huo mchezo ulipotoka haukuwa na magari haya ya kale. Wachezaji wenyewe, kwa miaka mingi na bila kulipwa, ndio walioyatengeneza na kuyaingiza humo, na hata hesabu za mwendo wa gari wakaziandika upya. Escort ya humo ilinitoa kamasi. Pua inakataa kupinda! Unageuza usukani, gari linaendelea moja kwa moja kuelekea mtini kama ng'ombe aliyeona maji. Ilinibidi nijifunze ujanja wa wazungu wa kaskazini. Kabla ya kona ya kulia, unalitupa gari kwanza kushoto, unaachilia mafuta, uzito unayumba, kisha unaligeuza kulia na mkia unafuata wenyewe. Siku tatu nilishinda hapo mpaka shangazi akanifukuza nikateke maji. Na ukigonga jiwe katika mchezo huu, umegonga jiwe. Usukani unapinda, gari linavuta upande mmoja hadi mwisho, radieta ikitoboka injini inachemka na kufa, na hakuna wa kumlilia.

Nikiulizwa basi ni mchezo upi unaoyatendea haki magari ya kale, jibu langu ni Richard Burns Rally, halafu Dirt Rally 2.0, halafu hiyo nyingine kwa ajili ya vumbi la nyumbani. (Tena msisahau kwamba Richard Burns mwenyewe alishinda Safari Rally hapa kwetu mwaka 1998 na mwaka 2000. Hata Colin McRae, ambaye jina lake lilibandikwa kwenye michezo mingine mingi, alishinda mwaka 1997, 1999 na 2002. Michezo hii ina deni la vumbi letu.)

Hadi hapo mnaweza kudhani nimemaliza. La hasha! Hapo ndipo nilipokuwa nimefika mimi pia, nikijiona profesa, mpaka Babu alipokuja kumtembelea shangazi.

Babu alikuwa fundi wa magari katika gereji moja ya Nakuru miaka ya sabini. Nilimketisha mbele ya kompyuta, nikampa Escort na kipande cha barabara cha kule Australia, nikamwonyesha pedeli. Aliendesha kama mtu anayekwenda kanisani. Sisi nyuma yake tunacheka kwa siri. Kabla ya kila mlima anapunguza mwendo, akifika kileleni anachungulia. Nikamwambia, "Babu, kanyaga! Barabara imefungwa, hakuna mtu." Akanigeukia.

"Imefungwa na nani?"

"Ndivyo mchezo ulivyo, Babu. Hakuna gari linalokuja mbele."

"Na ng'ombe?"

"Hakuna."

Akaendelea vivyo hivyo, kidogo kidogo, akafika mwisho bila hata mkwaruzo. Binamu yangu alikuwa amelipindua gari lake mara mbili kwenye kipande hicho hicho, na mimi nilikuwa nimefika na radieta inavuja. Babu akaondoa miguu kwenye pedeli, akasubiri. Skrini ikaonyesha muda wake. Akauliza, "Halafu?" Nikamwambia, "Halafu nini? Umemaliza." Alitazama saa yake ya mkononi. Zilikuwa zimepita dakika saba hivi. "Safari iko wapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu, na swali hilo limeniwasha tangu siku ile. Nilipokwenda kusoma zaidi na kumchokoza aniambie zaidi, nikagundua kwamba nilikuwa nimepima magari haya kwa mizani isiyo yake.

Sikilizeni habari ya mwaka 1975. Lancia Stratos ndiyo iliyokuwa mfalme wa dunia. Kampuni ya Lancia ilitwaa ubingwa wa watengenezaji magari mwaka 1974, ikautwaa tena 1975, ikautwaa na 1976. Stratos zikaja Safari zikiendeshwa na Sandro Munari na Björn Waldegård, watu wasiochezewa. Munari akawa wa pili. Waldegård akawa wa tatu. Wa kwanza alikuwa Ove Andersson wa Uswidi, ndani ya Peugeot 504. Ndiyo, 504! Gari la milango minne la kupeleka watoto shuleni, ndugu ya zile Peugeot ambazo wazazi wetu walisafiria kwenda ushago wamebanana kama dagaa. Stratos haikushinda Safari mwaka ule, wala haikushinda mwaka mwingine wowote.

Kwa nini? Kwa sababu Safari ya siku zile haikuwa vipande vya dakika saba. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, mchana na usiku, siku kadhaa mfululizo, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Unakutana na lori la mchanga, unakutana na mbuzi, unakutana na watoto wanaotoka kisimani. Unapewa muda wa kufika kituo fulani, na kila dakika unayochelewa ni alama ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mwaka 1968 waliondoka magari 93, yakamaliza 7. Hebu tafakari! Katika mbio za namna hiyo swali la kwanza kuhusu gari halikuwa "linapindaje kona?" Swali lilikuwa "kesho asubuhi litakuwapo?"

Babu alinieleza 504 kwa mikono, akitumia meza ya shangazi. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni kama mita 2.74, zaidi ya nusu mita kuliko Stratos. Basi ni ile fimbo ndefu ya kiganjani. Inapovuka shimo kwa mwendo wa kasi haigeuki ghafla, na dereva aliyekesha usiku mbili ana muda wa kuishika. Springi zake ni ndefu na laini, gurudumu linashuka shimoni na kupanda bila bodi kujua. Na ikivunjika, fundi yeyote wa kijijini anajua spana inaingia wapi. Kuhusu Stratos alisema neno moja tu, kwamba ilikuwa nzuri sana kuitazama ikipita. Labda alikuwa na upendeleo, maana alilishwa na Peugeot maisha yake yote. Mimi sina jawabu la hilo.

Lakini tazameni dhuluma inavyokuja. Katika Dirt Rally 2.0 na EA Sports WRC, Peugeot 504 hamtaikuta. Kwenye orodha ndefu ya binamu yangu pia sikuiona. Datsun 240Z imo katika Dirt Rally 2.0, na nashukuru, lakini imewekwa darasa moja na Stratos. Nani ataichagua? Ina pua ndefu, ina injini nzito ya silinda sita mbele, na katika kipande cha dakika saba inaachwa. Mchezaji wa Ulaya, au kaka yetu wa kidato cha nne, anaijaribu mara moja, anasonya, anarudi kwa Stratos. Na hiyo Datsun ndiyo iliyoshinda Safari mwaka 1971 kwa mkono wa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun nyingine. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6. Zamani zaidi, mwaka 1965, alishinda kwa Volvo ambayo ilikuwa tayari imetumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mitumba, bwana!

Kwa hivyo ninaposema Richard Burns Rally ni bora, nasema ni bora katika kueleza kona. Inaeleza vizuri kuliko nyingine namna Escort inavyosukuma pua na namna ya kuishawishi. Lakini hata hiyo haiwezi kueleza kwa nini Waldegård, baada ya kushindwa na 504 akiwa ndani ya Stratos, alirudi mwaka 1977 na Escort akashinda. Wala haiwezi kueleza kwa nini mtu huyo huyo, miaka 30 baadaye, mwaka 2007, alikuja katika mbio za magari ya kale hapa Afrika Mashariki na Escort akashinda tena. Kuna ubora ndani ya gari lile ambao hauonekani katika dakika saba. Kaka wa kidato cha nne hakuuona. Hata mimi nisingeuona kama Babu hangeuliza "Halafu?"

Najua nitajibiwa nini. Mtasema mchezo ni mchezo, nani ataketi siku tatu kwenye chumba cha steji kwa pesa za nani? Ni kweli. Pia mtasema kwamba Safari yenyewe siku hizi si ile. Tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 mbio zinafanyika zaidi pande za Naivasha, kwa vipande vilivyofungwa vya kilomita mia tatu na kitu. Hilo nalikubali pia, na kwa usalama wa watoto wanaotoka kisimani nalifurahia. Sisemi turudishe malori barabarani. Nasema mchezo ukibeba gari la kale, ubebe na mtihani lililofaulu. Si lazima iwe siku tatu. Nipeni saa moja tu bila kusimama, matairi mawili ya akiba, usiku unaingia katikati ya safari, na gari linalokumbuka kila shimo nililolipiga. Kama wachezaji wa mbali waliweza kuongeza magari bila kulipwa, mtu anaweza siku moja kuongeza 504. Wenzetu wanaosoma somo la kompyuta nawatupia jiwe gizani.

Na wewe kaka wa kidato cha nne, unajijua. Jumamosi baada ya masomo ya asubuhi nitakuwa kwa binamu. Tutaendesha vipande kumi mfululizo, na gari likivunjika hakuna kuanza upya. Nitachukua Escort. Wewe chukua unalotaka, hata hilo la reli. Babu amesema atakuja kushika saa.